Nyumba Yenye X Sebuleni

Tulieni ni nchi nzuri, na kila anayesema vinginevyo amekwisha kuitwa na kuelimishwa. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, ina wizara arobaini na moja, na ina barabara nyingi sana ambazo bado hazijajengwa. Barabara hizo zina idara yake maalumu, Idara ya Barabara Zijazo, yenye mkurugenzi, manaibu sita, magari ya manaibu, na gari moja la kuyavuta magari ya manaibu yanapokwama, maana barabara zilizopo ni mashimo matupu.

Kazi kubwa ya Idara ni kupaka X. Maofisa wanapita na kopo la rangi nyekundu, wanachagua nyumba, wanapiga X ukutani, na mwenye nyumba anajua kwamba siku moja barabara itapita pale anapolaza kichwa. Siku hiyo haisemwi ni lini. Kusema ni lini kungekuwa ni kuahidi, na Serikali ya Tulieni iliacha kuahidi ilipogundua kwamba wananchi wanakumbuka.

Nyumba ya Veridiana ilipata X yake siku ya mvua. Veridiana alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa Mteremkoni, mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule walipokuwa wakizaliwa na kwa hiyo hakuwa na desturi ya kuwaogopa. Mumewe, Ponsiano, alikuwa karani mstaafu wa masijala. Walikuwa wanakunywa chai, mlango ukagongwa, akaingia Bwana Kandidus, Ofisa Alama Daraja la Pili, na fundi rangi nyuma yake, wote wawili wanachuruzika maji.

"Tumekuja kupiga X," akasema Kandidus.

"Ukuta uko nje," akasema Veridiana.

"Nje kunanyesha, mama. Rangi ya Serikali hainyeshewi."

Fundi akaangaza macho sebuleni, akauona ukuta mweupe juu ya kochi. Akauliza kama aiondoe kwanza picha ya harusi iliyotundikwa pale katikati. Kandidus akamuuliza kama ana kibali cha kuondoa picha. Hakuwa nacho. Basi X ikapigwa juu ya ukuta na juu ya picha, ndefu kuliko mtu, na kwa vile rangi ilikuwa imechanganywa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, ikatiririka mpaka kwenye vitambaa vya kochi. Mkono mmoja wa X ulipita shingoni kwa bwana harusi. Ponsiano aliitazama, akasema afadhali bibi harusi amebaki mzima.

Mwaka uliofuata barua ikaja. Barabara ilikuwa imehamishiwa upande wa pili wa mlima, ambako, kwa bahati tu, mkurugenzi alikuwa amenunua mashamba mwezi uliotangulia. Nyumba haibomolewi tena. Hata hivyo, barua ilisema, alama iliyopakwa ni waraka wa Serikali, na mwananchi haruhusiwi kuifuta, kuikwangua wala kuifunika. Wakaishi nayo miaka minne.

*

Kisha Ponsiano akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito. Daktari wa wilaya alikuwa mtu mkweli, tabia iliyomkosesha cheo mara mbili, akamwambia Veridiana kwamba mguu unaweza kurudi. Mjini Mwambale kipo kituo cha mazoezi ya viungo, watu wanaingia wamebebwa, wanatoka wanatembea. Lakini wawahi.

"Miezi sita ya mwanzo, mama, ndiyo yenye mguu," akasema. "Baada ya hapo tutakuwa tunaomba Mungu tu."

Mwambale ni safari ya siku mbili. Kukaa kule muda wote wa matibabu kulitaka wahamie, na kuhamia kulitaka nyumba hii iuzwe, hawakuwa na kingine. Nyumba yenyewe ilikuwa na ngazi kumi na saba kutoka mlangoni hadi njiani, na Ponsiano hakuweza kushuka hata moja. Veridiana hakukaa kulia. Alimwita dalali siku hiyo hiyo.

Dalali aliitwa Fikirini, mtu wa makamo mwenye tai moja na simu tatu. Alizunguka akisifu kisima, akasifu dari, akausifu mparachichi. Alipofika sebuleni sifa zikamwishia.

"Mama Koleta," akasema taratibu, akimwita Veridiana kwa jina la mwanawe, "hili ndilo watu wanaliona kwanza wakiingia?"

"Ndilo."

"Basi tutaliita pambo."

Wateja wa kwanza walikuwa walimu wawili, mtu na mkewe. Walipenda jiko, walipenda kisima, wakakaribishwa kwenye kochi na kuletewa soda. Mke akageuka kuangalia nyuma yake.

"Na hii?"

"Pambo, dada," akasema Fikirini. "Mtindo wa kisasa. Kuna watu wanaagiza fundi kutoka mbali."

"Pambo gani linachuruzika?"

Mumewe alikuwa anaitazama shingo ya bwana harusi. Soda zilibaki nusu, na walipokuwa wanashuka ngazi Veridiana alimsikia yule mwanamke akisema, "Hata watupe bure. Nilelee watoto chini ya kile kitu?"

Veridiana akatoa kitenge chake kizuri cha maua ya njano, akakitundika juu ya X. Mteja wa pili, dereva wa lori la mafuta, aliingia akakaa, akaongea, akafika mahali pa kuuliza funguo ziko ngapi. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, upepo ukapita, kitenge kikaanguka. Yule bwana akainuka. Hakugomba.

"Mama, wewe ni mtu mzima," akasema. "Ungeniambia tu."

Maneno hayo yalimchoma Veridiana kuliko matusi. Miaka thelathini na minane alikuwa akiingia vyumbani kwa watu katika saa zao ngumu kuliko zote, na hakuna aliyewahi kumwona mwongo. Sasa ameonekana mwongo, na ni kweli amedanganya, sebuleni kwake mwenyewe, kwa ajili ya rangi ambayo hakuiomba. Alikikunja kitenge mara nne, akakirudisha kabatini. Mwezi wa pili ukaisha.

*

Kandidus alikuwa amepandishwa cheo. Sasa alikuwa Ofisa Alama Mkuu, mwenye kiti cha kuzunguka, na alipomwona Veridiana mlangoni akakizungusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka X yako ifutwe."

"Si yangu, mama, ni ya Serikali. Halafu tumepata taarifa kwamba uliivalisha kitenge. Huko ni kuficha waraka."

"Barabara imehama, Kandidus."

"Barabara imehama, waraka haujahama."

"Anayefuta ni nani?"

"Ofisa wa Kufuta."

"Yuko wapi?"

"Nafasi yake haijatangazwa." Kandidus akainua mikono kwa huruma. "Sisi ni idara ya kupaka, mama. Ungekuja na shida ya kupaka, leo hii tungekuhudumia. Wewe andika barua ya maombi, ambatanisha waraka unaotaka ufutwe."

"Niambatanishe ukuta?"

"Ukuta halisi. Hatupokei picha."

Veridiana akaweka mikono yake miwili juu ya meza. "Mimi ndiye niliyekupokea wewe. Ulikuja umetanguliza miguu. Mama yako alihangaika siku mbili, nikakugeuza kwa mikono hii. Leo Baba Koleta hana mguu, nimebakiwa na miezi minne, unaniambia nibebe ukuta?"

"Kazi yako Mungu atailipa, mama," akasema Kandidus, na alimaanisha kabisa. "Ila hapa tuko ofisini."

Veridiana akaandika barua, ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Aliporudi nyumbani na kumweleza mumewe, Ponsiano akafumba macho. Miaka thelathini alikuwa yeye ndiye mwenye mhuri ule. Alijua barua za namna hiyo zinakwenda wapi, maana alizipeleka mwenyewe.

*

Nyumba zenye X zilikuwa elfu kumi na moja nchi nzima, na hakuna hata moja iliyopata mnunuzi. Malalamiko yakazidi, mpaka yakamfikia Mheshimiwa Waziri wa Makazi na Mitazamo, ambaye ni mtu mwepesi wa kuchukua hatua, akaunda kamati. Kamati ikasafiri nchi tatu za ng'ambo kuangalia kuta za wenzetu. Ikarudi imenenepa, ikatoa taarifa ya kurasa mia sita: X hazina tatizo lolote. Tatizo liko kwenye macho ya wanunuzi.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma redioni. "Tumegundua jambo la kusikitisha! Mnunuzi wa Tulieni anaingia nyumbani kwa mwenzake akiwa hajajiandaa kupendezwa! Anaingia ovyo! Anatazama kwanza, ndipo apendezwe! Tabia hii tuliachiwa na wakoloni, na kuanzia Jumatatu ni marufuku! Kuanzia Jumatatu, mtu atapendezwa kwanza, ndipo atazame!"

Hivyo ikazaliwa Fomu ya Mvuto wa Awali. Mnunuzi aliijaza getini, nakala tatu, kabla ya kuona hata bati. Swali lilikuwa moja: Je, umependezwa? Majibu yalikuwa matatu: nimependezwa, nimependezwa sana, na nimependezwa kupita kiasi. Asiyejaza haingii. Anayejaza, kisha akaingia na kukunja uso, ameidanganya Serikali kwa maandishi, na kifungo chake kinajulikana.

Kila nyumba yenye X ikaletewa Ofisa Mvuto mwenye kiti cha plastiki, mhuri na filimbi. Wa Veridiana alikuwa msichana mpole aitwaye Anjelista, na Veridiana alimpelekea uji kila asubuhi, kwa sababu Wizara ilikumbuka filimbi ikasahau kwamba binti anakula.

Watu wakaja. Wengine waliletwa na shida ya nyumba, wengine waliagizwa na wakubwa wao wa kazi. Waliingia na tabasamu la kubandikwa, shingo zimekakamaa, macho darini. Wakisogea upande wa kochi walianza kusifu kabla hawajafika. "Nzuri mno! Nzuri mno!" wakasema, wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na mmoja aliyependezwa kupita kiasi alitetemeka mpaka akapewa maji. Katika miezi mitatu walipendezwa watu arobaini na watatu. Hakuna aliyeuliza bei.

Na kila siku baada ya chakula cha mchana, Veridiana alikaa chini, akaushika mguu wa mumewe, akaukunja na kuukunjua kama daktari alivyomwonyesha. Mwezi wa tatu kidole gumba kilikuwa kinaitikia. Mwezi wa nne kiliitikia ukikibembeleza. Mwezi wa tano Ponsiano alikuwa anakitolea jasho, uso mzima umevimba kwa kujitahidi, na kidole kimetulia tuli, kama raia mtiifu wa nchi yake. Sebuleni redio ikitangaza kwamba mvuto umepanda. Veridiana alitamani kuikamata redio ile aitupe kisimani, na huyo anayeongea ndani yake atupwe naye.

*

Ikafika siku tisa kabla ya mwezi wa sita kwisha, na nyumba ya Veridiana ikatangazwa ya kwanza kitaifa, mvuto asilimia mia. Waziri akaja mwenyewe kukabidhi cheti. Asubuhi yakaja maturubai, spika, keki, na bwana wa itifaki, ambaye alimwona Ponsiano kwenye kiti chake pembeni ya kochi, akamvuta Veridiana kando.

"Mzee tumpeleke chumbani kidogo, mama. Hapendezi kwenye picha."

"Yeye haondoki hapo," akasema Veridiana. "Ukimgusa nitakuvunja mkono."

Saa nne Waziri akafika. Getini akajaza fomu, kupita kiasi, nakala tatu, Anjelista akagonga mhuri, watu wakapiga makofi. Ndani alikuwa amewekewa kiti cha heshima, na kwa kuwa hapo ndipo pazuri kwa picha, kiliwekwa mbele ya kochi, chini ya X. Mheshimiwa akakaa. Akainua macho. Akasimama, akakivuta kiti hatua tatu pembeni, akakaa tena. Watu wote waliona, na hakuna aliyeona.

"Mama huyu," akaanza, "ni mfano kwa taifa! Nyumba yake imewapendeza wananchi mia kwa mia! Wale wanaobeza mapambo yetu wako wapi leo?"

"Mheshimiwa," Veridiana akamkatiza, "na wewe umependezwa?"

"Kupita kiasi!"

"Basi inunue."

Waziri akacheka, na sebule nzima ikacheka pamoja naye.

"Mama ana utani! Mimi nyumba ninayo, mama."

"Unazo nne. Mume wangu ana siku tisa. Inunue leo, ulale hapo chini ya pambo lako, sisi tuondoke na gari la jioni."

Kicheko kikakatika. Waziri akamgeukia Kandidus, aliyekuja katika msafara wake, na Kandidus akajitokeza mbele akiwa amevaa suti mpya.

"Mama yangu, usiwatie watu hofu," akasema. "Ile ni alama tu."

"Alama ya nini?"

"Kisheria?"

"Kisheria."

"Kubomoa."

"Imeshafutwa?"

"Haiwezi kufutwa, mama. Nilikueleza."

"Kwa hiyo mpaka sasa hivi inaagiza ukuta ubomolewe."

Kandidus akafikiri. Katika utumishi wake wote alikuwa amepiga X mia tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza zinataka nini. Jibu lilikuwa kwenye mwongozo, ukurasa wa pili, akafurahi kwamba analijua.

"Inaagiza," akasema kwa sauti, ili Waziri asikie.

Veridiana akapita jikoni, akaingia stoo, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Akapanda kwenye kochi na viatu vyake. Pigo la kwanza lilipasua picha ya harusi, la pili likaingia ukutani, na la tatu likamwaga plasta kwenye keki.

"Mkamateni!" akapiga kelele bwana wa itifaki.

"Kwa kosa gani, mzee?" akauliza askari.

"Kwa ku..." Bwana wa itifaki akatazama X, akamtazama Kandidus. Kosa la kutii halikuwa na fomu. Waziri alikuwa amekwisha kutokea mlango wa jikoni, suti nyeupe kwa vumbi, na nyuma yake wapambe wakigombania kupita.

Veridiana aliendelea kupiga. Alipiga huku analia, kwa hasira tupu, na kila pigo alilitaja: hili la kamati, hili la fomu, hili la filimbi, hili la yule aliyeniambia ungeniambia tu. Fikirini akavua tai yake, akaenda kuomba nyundo kwa jirani. Anjelista akaweka mhuri chini, akaanza kubeba matofali. Mpaka saa tisa ukuta ulikuwa umelala, paa la upande ule limeinama, na kutoka kwenye kochi mtu aliona njia, mteremko na mji wote wa chini. Ponsiano, vumbi kwenye nyusi, aliangalia nje muda mrefu.

"Hewa nzuri," akasema kwa ulimi wake mzito.

*

Kiwanja kilipata mnunuzi siku ya nne. Alikuwa fundi magari aliyetaka pa kujenga gereji. Alisimama juu ya kifusi, akauliza mpaka unaishia wapi, akaridhika, akatoa bei ya udongo. Wangefika Mwambale ndani ya wakati. Ila katika daftari la ardhi kiwanja kile kilikuwa kimeandikwa kuwa kina waraka wa Serikali, na waraka hauonekani, na kiwanja kilichopotelewa na waraka hakihamishwi jina mpaka waraka upatikane. Wakautafuta. Maofisa wanne walikuja kuhesabu vipande vyekundu kwenye kifusi, wakavitia kwenye magunia, wakavipeleka masijala, vikakaa, vikafunguliwa faili. Ilichukua wiki kumi na moja.

Ponsiano alishushwa ngazi kumi na saba mgongoni kwa Fikirini, mwezi wa tisa.

Kituo cha Mwambale kilikuwa safi, chenye madirisha makubwa na vyuma viwili virefu vya kushikilia. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mrefu aitwaye Eufrasia, alimlaza Ponsiano, akaupima mkono, akaupima mguu, akauinua, akauachia.

"Mlikuwa wapi muda wote huu, mama?" akauliza. Kisha akauona uso wa Veridiana, akaacha swali. "Mkono tutaupata. Mguu tutajaribu."

Wakajaribu kila siku. Wiki ya tatu ikaletwa barua, imepitia ofisi nyingi mpaka bahasha imechakaa. Veridiana akaisomea pale pale, kando ya vyuma. Idara ya Barabara Zijazo ilifurahi kumtaarifu kwamba ombi lake la kufuta alama limekubaliwa. Ofisa wa Kufuta ameteuliwa na atafika na ndoo ya chokaa. Mwombaji ahakikishe siku hiyo ukuta uko mahali pake, safi na mkavu.

"Wa... wanasemaje?" akauliza Ponsiano. Alikuwa amesimamishwa katikati ya vyuma, mkono wa kushoto umekamata, Eufrasia amemshika kiunoni.

"Wametukubalia, Baba Koleta."

Ponsiano akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki, akacheka mpaka akakohoa. Eufrasia akamsubiri atulie.

"Haya, mzee. Mguu wa kulia."

Veridiana akaiacha barua ianguke. Akapiga magoti sakafuni mbele ya mumewe, mikono yake mipana imefunguka chini ya unyayo, tayari kuupokea.

"Mguu wa kulia, mzee. Njoo."

Wakangoja wote watatu. Mguu haukuja.